Kuishi na familia mwenyeji ukisoma ng'ambo: mwongozo kamili, tangu barua ya kwanza hadi siku ya kuaga

Wanafunzi wengi wanaokwenda kusoma nje hujiandaa kwa viza, ada na masomo, kisha husahau kwamba saa nyingi zaidi watazipitisha ndani ya nyumba ya watu: kwenye bafu lao, mezani pao, mbele ya watoto wao. Ukiwafuatilia wale ambao makao yao yalivunjika katikati ya mwaka, mara chache utakuta kuna mtu mbaya. Mara nyingi utakuta jambo dogo ambalo hakuna aliyeliuliza wiki ya kwanza, likanyamaziwa miezi mitatu, likaja kulipuka siku ya mambo mengine kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi tena na tena kwenye kuuliza mapema na kusema mapema. Ukilishika hilo, mengine mengi utayamudu mwenyewe.

1. Jua umeingia mpango wa aina gani

Kuna familia zinazompokea mwanafunzi kwa kujitolea, bila malipo, na kuna zinazolipwa kila mwezi kwa chumba na chakula. Mashirika ya kubadilishana wanafunzi kama AFS na Rotary hutegemea sana familia za kujitolea. Vyuo na shule za lugha mara nyingi hutumia familia zinazolipwa. Ujue yako ni ipi kabla hujafika, kwa sababu matarajio hayafanani. Familia ya kujitolea kwa kawaida inataka mtoto wa nyumbani: mle pamoja, mtoke pamoja, wakujue. Familia inayolipwa inaweza kutaka hayo hayo, au inaweza kuwa imekukodishia chumba na mlo wa jioni tu, nawe ukaumia bure ukidhani hawakupendi. Hapa usibahatishe. Soma mkataba, na kama haueleweki, mwulize mratibu, yaani mtu wa shirika au chuo anayesimamia makao yako, kwa maandishi: milo mingapi, nani anafua, nani analipia usafiri wa shule, notisi ya kuhama ni ya muda gani.

Tafuta pia sheria zinazokulinda, kwa sababu nchi nyingi zinazo. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi wa sekondari mwenye viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, hukaa kwa familia isiyolipwa. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo, kuanzia miaka 18, lazima achunguzwe rekodi ya uhalifu, na shirika linatakiwa kuwasiliana na mwanafunzi angalau mara moja kwa mwezi. Kanuni hizo zinafika hadi kwenye kitanda: kiwe cha mwanafunzi peke yake, kisiwe cha kukunjuliwa wala cha kujazwa hewa. Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 16 anayekaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu yake wa karibu huhesabiwa kuwa katika malezi ya faragha, na serikali ya mtaa lazima ijulishwe. Huhitaji kukariri vifungu. Unachohitaji ni kujua kwamba ukiambiwa ulale kwenye kochi la sebuleni muhula mzima, una mahali pa kuuliza.

2. Fomu na barua ya kwanza: usijipambe

Mashirika mengi hukuchagulia familia kwa kusoma fomu yako. Kila ulichokificha humo kitakuja kukukuta ndani ya nyumba. Ukiogopa mbwa, andika. Ukiwa na mzio, andika wa nini na hukufanya nini. Kama kuna chakula usichokula kwa sababu ya dini au afya, kama unaswali au unafunga, kama una pumu, kama unatumia dawa ya kila siku, kama hulali bila taa, yote yaandike. Wanafunzi huogopa kwamba ukweli utawakosesha nafasi. Pengine utakukosesha familia moja, ile ambayo ingekuwa mateso kwako na kwao. Anayefuga paka watatu na mwenye mzio wa manyoya hawana cha kusameheana. Ni kwamba hawakupaswa kupangiwa nyumba moja.

Ukishapewa jina la familia, waandikie ndani ya siku chache, barua fupi tu. Waeleze unapenda kufanya nini jioni, nyumbani kwenu mko wangapi, unasoma nini, na nini kinakutia hofu kidogo. Maliza kwa maswali mawili matatu ya kweli: Siku zenu za kawaida huanza saa ngapi? Kuna kitu mngependa nikijue kabla sijafika? Je, kuna kitu nisilete? Jibu la swali la mwisho litakuokolea nafasi kubwa kwenye begi.

Na wazazi wako nao wahusishe sasa. Kubalianeni mtapigiana simu lini na mara ngapi. Mzazi aliyezoea kumsikia mwanawe kila saa akianza kupiga simu katikati ya chakula cha jioni cha watu wengine, mzigo wote unakuangukia wewe.

3. Begi

Hapa nitapita haraka. Dawa ziwe kwenye pakiti zake halisi, pamoja na barua ya daktari, na zikae kwenye begi la mkononi. Nakala za pasipoti, viza, bima na mkataba wa makao ziwe kwenye karatasi na kwenye simu. Chaja iliyoandikwa 100–240V hufanya kazi karibu kila mahali kwa adapta ya plagi tu, lakini vifaa vya joto kama pasi na mashine ya kukaushia nywele vingi ni vya volti za aina moja. Ukivichomeka kwenye umeme wa volti 230 wakati vimetengenezewa 120, vitaungua. Viache. Nguo za siku mbili na taulo viwe juu kabisa, maana usiku wa kwanza hutataka kufungua kila kitu.

Zawadi iwe ndogo, ya kitu kinachotoka kwenu, nyepesi kubeba, na kama ni ya kuliwa hakikisha forodha ya huko inairuhusu. Picha chache zilizochapishwa za watu wako zina kazi kuliko zawadi ya bei: jioni ya pili, mazungumzo yakikauka, utazitoa.

4. Siku ya kuwasili

Utakuwa umechoka, masikio yamejaa kelele za ndege, na lugha uliyoisoma miaka minne itakuwa imekukimbia. Familia inalijua hilo. Siku hiyo una kazi nne tu.

Ya kwanza, waulize wanataka uwaiteje. Kuna wanaopenda jina la kwanza, kuna wanaofurahi kuitwa mama na baba, kuna ambao neno hilo lingewatatiza. Kama umelelewa kuona kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu, mwambie hivyo waziwazi, kisha mchague pamoja. Ukikwepa swali hili utajikuta miezi miwili baadaye huna namna ya kumwita mtu aliye chumba cha pili zaidi ya kukohoa.

Ya pili, omba uzungushwe nyumba nzima na uonyeshwe vitu vinavyofanya kazi: maji ya choo yanavutwaje, maji ya moto yanatoka upande gani, mlango unafungwaje, king'ora cha wizi kinazimwaje, taa ya ngazi iko wapi. Vijaribu kwa mkono wako huku mwenyeji amesimama hapo. Kujua bomba linavyozungushwa ukiwa umevaa nguo zako ni tofauti na kulikisia usiku wa manane.

Ya tatu, pata nenosiri la intaneti, wajulishe nyumbani kwa ujumbe mfupi kwamba umefika, na uiweke simu chini. Ya nne, kula hata kidogo, shukuru, nenda ukalale.

5. Mazungumzo ya siku ya tatu

Ukilifanya jambo moja tu katika mwongozo huu, lifanye hili. Siku ya tatu au ya nne, ukishapata usingizi na kabla mazoea hayajaota mizizi, waombe wenyeji nusu saa ya kukaa mezani. Waambie una maswali kuhusu nyumba na unataka kuandika majibu. Chukua daftari kweli. Daftari huwaonyesha kwamba unachukulia nyumba yao kwa uzito, na hukuokoa na aibu ya kuuliza jambo lile lile mara tatu.

Anza na ratiba. Nani huamka wa kwanza? Nani huingia bafuni saa ngapi? Chakula cha jioni ni saa ngapi, na ni lazima niwepo? Nikichelewa nijulishe nani, kwa njia gani, mapema kiasi gani? Siku za shule natakiwa niwe nyumbani saa ngapi, na mwisho wa wiki je? Kisha jiko: ninaweza kufungua friji na kujichukulia, au kuna rafu yangu? Kuna vitu vilivyonunuliwa kwa ajili ya mtu fulani? Ninaweza kupika? Kisha wageni: rafiki anaweza kuja? Anaweza kuingia chumbani? Kelele: saa ngapi nyumba inatakiwa itulie? Kisha yale ambayo watu huona haya kuyauliza: taka za vipindi vya hedhi zinatupwa wapi, mlango wa chumba changu nikiufunga mtaona vipi, kuna chumba nisichotakiwa kuingia?

Uliza na swali hili, ambalo huleta majibu kuliko yote: "Ni jambo gani huwaudhi mtu akilifanya humu ndani?" Mara nyingi mume na mke watatazamana, watacheka, na mmoja atataja kitu ambacho usingekikisia kamwe, labda kisu fulani kilichowekwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo, au taa ya chooni iliyoachwa inawaka.

Sasa, jifunze kusikiliza majibu laini. Watu wastaarabu hawasemi "hapana" kwa mgeni. Chukua mazungumzo kama haya:

"Naweza kumleta rafiki yangu Jumamosi?"
"Ndiyo, nadhani inawezekana. Ila Jumamosi huwa tuna mambo mengi."

Mwanafunzi akasikia ndiyo. Mwenyeji alikuwa amesema hapana. Dawa yake ni kumpa njia rahisi ya kukataa: "Je, siku nyingine ingewafaa zaidi, au niseme tukutane nje?" Atachagua, na utaona uso wake ukilegea. Vivyo hivyo "jihudumie chochote ukitakacho": ni ukarimu wa kweli, lakini uliza tena kwa mfano halisi. "Hata juisi hii ya watoto?" Mfano mmoja utakufunza mipaka yao kuliko ruhusa kumi za jumla.

Wewe nawe sema yako katika kikao hicho hicho. Kama unahitaji dakika chache za sala kwa nyakati fulani, kama ukitoka shule unahitaji saa moja ya kimya kabla ya kuongea, kama huli kitu fulani, hii ndiyo nafasi. Ukilisema siku ya tatu, ni taarifa tu. Mwezi wa tatu jambo lile lile litasikika kama lawama.

6. Bafu, kufua na jiko

Nimeliweka hili peke yake kwa sababu ndipo panapochimbwa ugomvi mwingi wa kimyakimya.

Maji ya moto kwanza. Nyumba nyingi hupata maji ya moto kutoka kwenye tangi lenye ujazo fulani. Likiisha, huchukua muda mrefu kupashwa upya. Kwa hiyo ukioga dakika 25 saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anayekufuata ataoga maji ya baridi, na anayekufuata pengine ni mama mwenye nyumba anayewahi kazini. Hatakwambia siku ya kwanza. Wala ya pili. Uliza tangi lenu linatosha watu wangapi, na kama unapenda kuoga kwa muda mrefu, uliza saa gani haliumizi mtu.

Sakafu ya bafu nayo: si kila bafu lina shimo la kutolea maji sakafuni. Pasipo na shimo, maji unayoyamwaga nje ya beseni la kuogea hupenya chini na kuharibu mbao au dari ya chumba cha chini. Pazia liingie ndani ya beseni, si nje. Ukimaliza, futa sakafu, toa nywele kwenye chujio, fungua dirisha au washa feni ili mvuke utoke, maana unyevu huleta ukungu kwenye kuta. Uliza karatasi za chooni zinatupwa ndani ya choo au kwenye ndoo. Mabomba hayafanani, na choo kilichoziba ni utambulisho mbaya.

Kufua, uliza siku yako, na omba uonyeshwe mashine mara moja hatua kwa hatua: kiasi gani cha sabuni, joto lipi, nguo zipi zisichanganywe, kichujio cha mashine ya kukaushia kinasafishwaje. Sabuni nyingi haifanyi nguo ziwe safi zaidi. Hujaza povu tu. Nguo zilizokwisha kufuliwa zitoe papo hapo, kwa sababu mashine yenye nguo zako zilizolowa ni mashine ambayo mwingine hawezi kuitumia. Nguo za ndani, kama unapendelea kuzifua kwa mkono, uliza pa kuzianika.

Jikoni, osha ulichotumia kabla hujatoka. Chakula usichokizoea, onja kidogo. Usiseme "sipendi" siku ya kwanza, na usiseme "ninakipenda sana" kama si kweli, kwa sababu utapikiwa kila wiki kwa upendo. Sema: "Ladha hii ni ngeni kwangu, bado naizoea." Baada ya wiki chache, jitolee kupika mlo mmoja wa kwenu. Waambie mapema, nunua viungo mwenyewe, na uache jiko safi kuliko ulivyolikuta.

7. Kuwa mtu wa nyumba

Jembe la siku ya tatu usisubiri ukabidhiwe. Uliza linawekwa wapi. Chagua kazi moja iliyo dhahiri na uifanye yako kila siku: kuandaa meza, kutoa taka, kumtembeza mbwa kama humwogopi. Kazi moja isiyokosa ina thamani kuliko msaada mkubwa wa siku moja moja, kwa sababu familia huanza kuitegemea, na mtu anayetegemewa hukoma kuwa mgeni.

Kisha kaa sebuleni. Hili linawashinda wanafunzi wengi kuliko masomo. Unarudi umechoka kusikiliza lugha ngeni siku nzima, chumba chako kina mlango, na nyuma ya mlango huo kuna simu yenye sauti za kwenu. Unaingia "kidogo tu". Upande wa pili wa mlango, familia inajiuliza imekukosea nini. Mlango uliofungwa kila jioni husomwa kama hasira au huzuni hata kama wewe ulikuwa unapumzika kwa amani. Jiwekee kiasi: baada ya chakula cha jioni, nusu saa pamoja nao, hata kama ni kutazama televisheni usiyoielewa. Beba kazi ya shule uifanyie mezani. Ukihitaji kuwa peke yako, sema kwa maneno: "Leo nimechoka, naenda kulala mapema, si kwamba kuna tatizo." Sentensi hiyo inawatoa watu wazima wawili kwenye wasiwasi wa usiku mzima.

Simu mezani isionekane. Na picha za nyumba yao au za watoto wao usizitume mtandaoni bila kuuliza kwanza, hata kama ni picha nzuri.

Watoto wa nyumba hiyo wana haki ya kukuonea wivu. Kuna aliyehamishwa chumba kwa ajili yako, na kuna anayeona wazazi wake wakicheka zaidi na mgeni. Mpe muda, cheza naye mchezo anaouchagua yeye, usijaribu kumlea. Na wenzako wa rika lako humo ndani si lazima wawe marafiki zako shuleni, usiwaning'inie shingoni.

8. Lugha

Ukisikia usichoelewa, usiitikie kwa kichwa. Kuitikia ndiko kunakowapeleka watu kwenye kituo kisicho sahihi, saa isiyo sahihi. Rudia ulichosikia kwa maneno yako: "Kwa hiyo kesho nawasubiri getini saa tisa?" Omba familia itumie ujumbe wa maandishi kwa mambo ya saa na mahali. Waombe wakusahihishe, lakini kubalianeni lini, maana kusahihishwa kila sentensi wakati wa chakula humfanya mtu anyamaze kabisa. Wengi hupenda kusahihishwa mwishoni mwa hadithi, si katikati.

9. Fedha

Zungumzeni hili mapema pia. Kwa kawaida familia hulisha mlo wa nyumbani. Nguo, vitabu, laini ya simu, burudani na dawa ni juu yako. Penye utata ni mnapotoka pamoja: tikiti, mgahawa, safari ya mwisho wa wiki. Uliza kabla ya kwenda: "Ninatakiwa kubeba kiasi gani?" Usikope kwa familia na usiwakopeshe. Ukivunja kitu, kitaje siku hiyo hiyo na ujitolee kulipa. Huenda wakakataa, lakini hawatasahau kwamba ulisema. Bima yako ya afya ijue inavyofanya kazi kabla hujaumwa: hospitali ipi, unalipa kwanza au unaonyesha kadi, nani wa kupigiwa simu.

10. Majuma ambayo moyo unakataa

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumzia mshtuko wa utamaduni mbele ya hadhira mjini Rio de Janeiro mwaka 1954, na maelezo yake bado yanawafaa wanaosafiri: kwanza fungate, kila kitu kinapendeza, kisha kipindi kigumu, kisha mtu anaanza kupona na kuzoea. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti juu ya Wanorwei waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akaona waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndio waliokuwa hawajatulia, kuliko waliokaa muda mfupi au mrefu zaidi ya hapo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo. Wapo wanaoanza na huzuni siku ya kwanza. Faida ya kuyajua haya ni moja: ukiamka wiki ya saba ukiwa umechukia harufu ya nyumba, sauti za vijiko na namna wanavyocheka, usikimbilie kuamua kwamba umepangiwa familia mbaya. Huenda ni wakati wake umefika.

Katika kipindi hicho linda mambo manne: usingizi, chakula, mwili kutembea, na mtu mmoja wa kuongea naye ana kwa ana. Punguza simu za nyumbani bila kuzikata. Simu ya kila siku inayomalizika kwa machozi inakuacha katikati ya nchi mbili. Mwambie mwenyeji mmoja, "Nawakumbuka watu wangu wiki hii." Huhitaji kuomba chochote zaidi. Sikukuu za kwenu huwa ngumu kuliko siku zote, kwa hiyo ziwekee mpango mapema, na uwaeleze familia siku hiyo ina maana gani kwako.

Lakini kama hulali wiki kadhaa, huli, au unafikiria kujidhuru, hilo si la kuvumilia. Mwambie mratibu, mwalimu au daktari siku hiyo hiyo.

11. Mnapokwaruzana

Mtakwaruzana. Chagua wakati ambapo hakuna anayeharakisha, zungumza na mtu mmoja, jambo moja, na uanze na kilichotokea badala ya tabia yake. "Mnanionea" haina mlango wa kutokea. "Jana niliambiwa nirudi saa mbili, na kaka akaruhusiwa saa nne, sikuelewa kwa nini" inao. Huenda kuna sababu, labda shirika lenyewe ndilo lililoweka saa hiyo. Ukikosea, omba radhi kwa neno moja lililo wazi, kisha ubadilishe. Maelezo marefu hufanana na kujitetea.

Usiwalalamikie wazazi wako kabla hujazungumza na familia. Mzazi aliye mbali akisikia kilio hupiga simu kwa shirika usiku huo huo, na jambo la sahani chafu linageuka kesi.

Ukizungumza mara mbili na hali haibadiliki, mpigie mratibu. Hiyo ndiyo kazi yake, na si usaliti. Andika tarehe na kilichotokea. Wakati mwingine mratibu akikaa mezani mara moja mambo hutulia. Wakati mwingine unahamishiwa familia nyingine, na kuhamishwa si fedheha: katika mpango wa mwaka mzima wa Rotary, mwanafunzi kwa kawaida hukaa na familia zaidi ya moja kwa utaratibu tu. Ukihama, aga vizuri, chukua vitu vyako vyote, na usiende kuisema familia ya kwanza kwa ya pili.

Kuna mambo yasiyongoja mazungumzo. Mtu akikushika usivyotaka, akikuingilia chumbani au bafuni, akikupiga, akikunyima chakula, akichukua pasipoti yako, au akikwambia "hii ni siri yetu", toka na utafute msaada mara moja. Pasipoti ni yako, itunze wewe. Namba ya mratibu, ya shirika na ya ubalozi wako ziandike kwenye karatasi, si kwenye simu tu, maana simu huzimika. Jifunze namba ya dharura ya nchi uliyopo: 112 katika Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, 000 Australia. Hutakuwa umeiharibia familia yoyote sifa kwa kujilinda.

12. Kuondoka

Anza wiki tatu kabla. Rudisha vitabu, funga akaunti, lipa madeni madogo. Fua mashuka, safisha chumba hadi chini ya kitanda, ziba matundu uliyotoboa ukutani kwa picha. Vitu usivyoweza kubeba usivitelekeze. Uliza kama wanavitaka au uvigawe. Ufunguo mkabidhi mtu mkononi. Mwandikie kila mmoja wa nyumba hiyo barua fupi kwa mkono, yenye jambo moja mahususi alilokufanyia, na usimsahau mtoto aliyekupa chumba chake. Wape anwani yako ya kudumu na namba ambayo itafanya kazi ukifika kwenu, kisha wapigie wiki ya kwanza, kabla shughuli hazijakumeza.